Zimwi Likujualo: Uhakiki wa Insha ya Masahiro Mori juu ya Mashine Zinazofanana na Watu

1. Utangulizi

Mnamo mwaka 1970 Masahiro Mori, mhandisi na profesa wa Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, alitoa insha fupi katika jarida la Kijapani liitwalo Energy. Aliipa jina la "Bukimi no tani", yaani bonde la kitu kinachousisimua mwili kwa hofu isiyoeleweka. Kwa miaka mingi insha hiyo haikujulikana sana nje ya Japani, na tafsiri kamili ya Kiingereza iliyopata idhini ya mwandishi ilitoka mwaka 2012 tu. Hata hivyo, leo ni vigumu kukuta maandishi juu ya roboti, juu ya filamu za vikaragosi au juu ya sura zinazochorwa kwa kompyuta ambayo hayamtaji Mori. Aghalabu hutajwa kwa mchoro mmoja: mstari unaopanda, unaoporomoka ghafla, kisha unaopanda tena. Maneno yenyewe yaliyouzunguka mchoro huo husomwa na wachache.

Makala haya yanakusudia kuisoma insha ya Mori kama tunavyosoma insha yoyote katika somo la fasihi. Tutaangalia jinsi hoja ilivyojengwa, mifano iliyochaguliwa na taswira zinazoibeba. Baada ya hapo tutaileta mbele ya Kiswahili. Msomaji aweza kuuliza kwa nini jarida la masomo ya Kiswahili lijishughulishe na mhandisi wa Tokyo. Jibu letu ni kwamba swali lake kuu ni swali ambalo lugha yetu humwuliza msemaji katika kila sentensi: je, hiki unachokitaja kina uhai au hakina? Mori alilichora swali hilo kwa mstari, nasi huliuliza kwa kiambishi cha kitenzi.

Dai la makala ni hili. Mori aliieleza vyema hofu inayotokana na sura. Lakini ipo hofu nyingine, nayo ni ya kujuliwa na kitu ambacho hatukihesabu kuwa mtu. Hofu hiyo haimo katika mchoro wake, ilhali fasihi simulizi ya Kiswahili imekwisha kuitaja kwa methali moja inayojulikana na wengi.

2. Hoja ya Mori

Insha haianzi na roboti. Inaanza na hesabu. Mori anawakumbusha wasomaji kwamba yapo mambo ambayo moja likizidi na jingine huzidi, kama vile gari linavyoongeza mwendo kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Watu wamezoea uhusiano wa namna hiyo hata hudhani kwamba kila kitu hufuata kanuni hiyo. Apandaye mlima hugundua kuwa sivyo: kila hatua humsogeza karibu na kilele, lakini si kila hatua humpandisha, kwa sababu njiani kuna vilima na mabonde.

Kwa taswira hiyo Mori anaingia katika jambo lake. Roboti ya kiwandani, ambayo ni mkono wa chuma tu unaofanya kazi, haituvutii wala haituchukizi. Roboti ya kuchezea, yenye kichwa, mikono miwili na miguu miwili, hupendwa na watoto. Mpaka hapa kufanana na mtu na kupendwa kumekwenda pamoja. Kisha anatuletea mkono wa bandia uliotengenezwa kwa ustadi mkubwa, wenye mishipa, kucha na hata alama za vidole. Jicho linadanganyika. Lakini tukiupokea kwa salamu tunakuta ubaridi na ulaini wa kitu kisicho na mifupa, nasi tunashtuka. Hapo mstari unaporomoka. Chini kabisa ya bonde Mori anaweka maiti, na chini ya maiti anaweka maiti inayotembea, kwa kuwa mwendo huongeza uzito wa kila hisia.

Mfano wake juu ya mwendo unastahili kukumbukwa. Katika Maonyesho ya Dunia ya Osaka ya mwaka 1970 ilionekana roboti yenye jozi 29 za misuli ya bandia usoni, ambayo iliweza kutabasamu. Mori anaeleza kwamba tabasamu lina kasi yake maalumu. Kasi hiyo ikipunguzwa kwa nusu, sura ileile iliyokuwa inachangamsha inageuka kuwa ya kutisha.

Upande wa pili wa bonde, kwenye mteremko unaopanda kuelekea kwa mtu mzima wa afya, anakiweka kikaragosi cha Bunraku, mchezo wa jadi wa Kijapani. Kikaragosi hicho ukikitazama kwa karibu hakifanani sana na mtu. Lakini mtazamaji aliyeketi mbali katika ukumbi, akiona jinsi macho na mikono yake inavyokwenda, hutekwa nacho kabisa. Mwishoni Mori anatoa ushauri kwa wahandisi wenzake. Wasikimbilie kilele cha pili, kwa maana njia yake inapita bondeni. Wabaki kwenye kilele cha kwanza, watengeneze vitu vyenye kufanana na mtu kwa kiasi tu. Miwani haifanani na jicho, na bado humpendeza avaaye. Mkono wa mbao uliochongwa na mchonga sanamu za Buddha waweza kuwa mzuri kuliko mkono wa bandia unaojidai kuwa nyama. Hisia ile ya kusisimka, anaongeza, yamkini ni sehemu ya silika ya kujihifadhi, inayotukinga na hatari za karibu kama vile maiti.

3. Nguvu na upungufu wa insha

Nguvu ya insha hii ni mifano yake. Hakuna msomaji asiyeweza kuuhisi ubaridi wa mkono ule. Mori hakuandika kwa istilahi nzito. Alimshika msomaji mkono, kwa maana zote mbili za neno hilo, akampeleka bondeni. Ndiyo sababu taswira imeishi kwa zaidi ya nusu karne.

Hata hivyo mhakiki hana budi kuona mambo matatu. Kwanza, mstari ule haukutokana na vipimo. Mori aliuchora kwa kukisia, naye hakudai vingine. Waliokuja baadaye wakafanya majaribio hawakukubaliana wote: wengine walipata bonde, wengine walipata mteremko mdogo, wengine hawakupata kitu. Taswira ya kifasihi imekuwa ikinukuliwa kana kwamba ni sheria ya maumbile. Jambo hili halipunguzi thamani ya insha, lakini linatulazimu kuisoma kama insha.

Pili, mhimili wa wima katika mchoro unabeba neno moja la Kijapani, "shinwakan", ambalo wafasiri wamelihangaikia. Ndani yake mna kuzoea, mna kupenda, mna kujiona karibu na mwingine. Kiswahili kinayatenganisha mambo hayo, na kinafanya vizuri. Mazoea si mapenzi, na wala ukaribu si huruma. Mtu aweza kukizoea kitu asichokipenda, na aweza kukihurumia kitu alichokiona leo tu. Katika mchoro wa Mori hakuna wakati: mkono wa bandia ukishikwa mara ya kwanza na ukishikwa mara ya mia unakaa palepale.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mhimili wa mlalo unapima sura na mwendo peke yake. Tutazame visa viwili ambavyo haviingii katika kipimo hicho. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, alieleza programu ya kompyuta aliyoiita ELIZA. Programu hiyo haikuwa na uso, mkono wala sauti. Iliyapokea maneno yaliyochapwa, ikayageuza kwa kanuni chache kuwa swali, ikamrudishia mwandikaji. Katika kitabu chake cha mwaka 1976 Weizenbaum anasimulia kwamba katibu wake, ambaye alikuwa amemwona akiitengeneza programu hiyo kwa miezi mingi, alianza kuzungumza nayo, na baada ya muda mfupi akamwomba mwajiri wake atoke chumbani. Alijua kwamba ni mashine, na bado alitaka faragha nayo.

Kisa cha pili kimetoka katika nchi ya Mori mwenyewe. Mwaka 1999 kampuni ya Sony ilianza kuuza AIBO, mbwa wa plastiki anayetembea na kuitikia wito. Utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 2006, na huduma ya matengenezo ikafungwa mwaka 2014. Tangu mwaka 2015, katika hekalu la Kofukuji mjini Isumi, mkoani Chiba, zimefanyika ibada za mazishi kwa mbwa hao. Hupangwa mbele ya madhabahu, kila mmoja na karatasi yenye maelezo ya alikotoka, na baada ya ibada viungo vyake hutumiwa kuwatengeneza wengine. Hakuna atakayemwona AIBO akadhani ni mbwa wa kweli. Huzuni ya wenye mbwa hao haikuletwa na kufanana. Ililetwa na miaka ya kuishi naye nyumba moja.

Visa hivi viwili vinatuonyesha kwamba moyo wa mtu haungoji jicho lidanganyike. Huenda mbele yake.

4. Kiambishi kama mpaka

Msomaji makini ameona kwamba katika aya zilizotangulia tumeandika "roboti iliyoweza kutabasamu", lakini "mbwa wa plastiki anayetembea". Hatukuamua hivyo kwa hoja ya kisayansi. Neno "mbwa" lilikuja na upatanisho wake, likaipa plastiki uhai ambao neno "roboti" halikuipa. Hapa ndipo Kiswahili sanifu kinapokuwa chombo cha kupimia ambacho Mori hakuwa nacho. Tunasema Kiswahili sanifu kwa makusudi, kwa kuwa upatanisho katika Kiswahili cha mazungumzo cha miji yetu una kanuni zake, nao wahitaji uchunguzi wake.

Kanuni inayofundishwa shuleni ni nyepesi. Viumbe wenye uhai huchukua a- na wa-, hata kama umbo la jina ni la ngeli nyingine: kipepeo ameruka, kijana amefika, simba amenguruma. Visivyo na uhai hufuata umbo la jina: kiti kimevunjika, sanamu imeanguka. Lakini tukiwasogelea viumbe wa mpakani, kanuni inaanza kutetereka. "Maiti" husikika kwa namna zote mbili: wengine husema maiti imezikwa, wengine maiti amezikwa, na tofauti hiyo hueleza jinsi msemaji anavyomwona marehemu kuliko anavyoijua sarufi. "Mzimu" ni wa mtu aliyekuwa hai, hukasirika na kutulizwa, lakini husemwa mzimu umekasirika. Kwa upande mwingine "mwanasesere", ambaye ni mti au kitambaa, husemwa amevunjika, kwa sababu jina lake lilianza na mwana. Mtoto anayecheza naye hakuvuka bonde lolote, maana lugha ilikwisha kumvusha.

Basi tukiulizwa kama roboti imeketi au roboti ameketi, hatuulizwi juu ya herufi. Tunaulizwa juu ya msimamo wetu. Na kule kusita kwa msemaji kabla ya kutamka kiambishi ndiko bonde la Mori kama linavyoonekana katika lugha.

Lugha nyingine nazo zina habari yao. Neno "robot" lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek iitwayo R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920 na kuonyeshwa Prague mwaka 1921. Mwandishi alisema kwamba alilipata kwa kaka yake Josef, na asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Katika jina kamili la tamthilia hiyo neno hilo limo katika wingi, nalo limeandikwa "Roboti". Kwa Kicheki huo ni wingi wa viumbe hai. Wingi wa vitu ungekuwa "roboty". Kwa hiyo Čapek alikuwa amekwisha kuamua katika kichwa cha kitabu chake. Kijapani nacho hutumia kitenzi kimoja kwa kuwapo kwa viumbe na kingine kwa kuwapo kwa vitu. Kifaransa, ambacho wengi wetu tumesomeshwa kwacho, hakiulizi. Kitabu ni "il", mfalme ni "il", na roboti ni "il". Mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu anayetafsiri hadithi ya roboti kutoka Kifaransa hana budi kuamua katika kila kitenzi jambo ambalo mwandishi wa Kifaransa aliliacha bila kulisema. Akiamua bila kufikiri, ameandika hadithi nyingine.

Tuseme neno juu ya jina la bonde lenyewe. Kifaransa husema "vallée de l'étrange". Kwa Kiswahili wengine wangependa "bonde la kioja", lakini kioja huweza pia kuchekesha. "Bonde la hofu" linazidisha, kwa maana mkono ule wa bandia hauwezi kumdhuru mtu. Sisi tunapendekeza "bonde la mauzauza". Aonaye mauzauza hana hakika na aonacho, wala hana hakika na macho yake mwenyewe, na shaka hiyo ndiyo kiini cha hisia inayoelezwa. Kasoro ya neno hili ni kwamba ni la macho, na mfano bora wa Mori ni wa kugusa. Wenye neno lililo bora na walitoe.

5. Olimpia na zimwi

Kabla ya wahandisi, waandishi wa fasihi walikuwa wamekwisha kufika bondeni. Mwaka 1816 E. T. A. Hoffmann wa Ujerumani alitoa hadithi iitwayo "Der Sandmann". Ndani yake kijana Nathanael anampenda Olimpia, binti wa profesa, asijue kwamba ni mwanasesere wa mitambo. Olimpia hasemi karibu neno lolote isipokuwa kuugua kwa pumzi. Nathanael anaona kwamba hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza na kumwelewa kama yeye. Anamsomea mashairi na hadithi zake kwa saa nyingi, na msikilizaji hapigi miayo wala hachezei uzi. Ernst Jentsch katika makala yake ya mwaka 1906 alisema kwamba shaka juu ya uhai wa kitu kama Olimpia ndiyo chanzo cha kusisimka. Sigmund Freud katika insha yake ya mwaka 1919 alimpinga, akamweka mwanasesere kando na kushikilia hofu ya kupoteza macho.

Kwa maoni yetu wote wawili walipita karibu na jambo moja lililo wazi. Nathanael hakuvutwa na sura peke yake. Alivutwa na sikio. Olimpia alikuwa ELIZA wa karne ya 19: alimrudishia msemaji maneno yake mwenyewe, na msemaji akadhani amejuliwa. Hoffmann anaongeza kejeli ambayo haipaswi kusahauliwa. Baada ya siri kufichuka, wanaume wa mji ule wanaanza kuwataka wapenzi wao waimbe na kucheza wakikosea mapigo kidogo, ili wapate hakika kwamba hawakupenda mwanasesere. Ukamilifu umekuwa dalili ya kukosa uhai, na kosa limekuwa ushahidi wa utu.

Sasa turudi nyumbani. Katika ngano za Kiswahili yupo mhusika anayetembea, anayesema, anayefanya hila, anayeweza hata kujigeuza sura ili aonekane mtu. Ni zimwi. Sarufi inafanya nini naye? Inampa li-. Zimwi likasema, zimwi likaja, mazimwi yakalala. Sungura, ambaye kwa hakika ni mnyama mdogo wa porini, hupewa a- bila ubishi. Zimwi, ambalo lina akili na ulimi kama sisi, hunyimwa. Msimulizi wa ngano hasiti wala hasikii kizunguzungu cha bondeni. Anajua tangu mwanzo kwamba kusema si utu, na kufanana si undugu, naye anamwambia msikilizaji hivyo kwa silabi moja kabla zimwi halijatenda lolote. Katika ngano ambazo zimwi limejigeuza kijana wa kuposa, msimulizi anaweza kumwita kijana huyo a- mpaka saa ya kufichuka, kisha akarejea kwenye li-. Msikilizaji huhisi ardhi ikiteremka chini ya miguu yake, na kilichoiteremsha ni kiambishi.

Kuhusu zimwi wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii hutumiwa kumfariji mtu aliyedhulumiwa na jamaa au jirani, kwamba ajuaye hudhuru kwa kiasi. Lakini tuitazame kwa makini. Haisemi zimwi ulijualo, inasema zimwi likujualo. Ujuzi uko upande wa zimwi. Na wala haisemi kwamba halikuli. Linakula, ila linabakisha. Katika maneno manne methali imeweka pamoja mazoea, faraja na hatari, mambo matatu ambayo mchoro wa Mori haukuweza kuyaweka pamoja. Katibu wa Weizenbaum hakuogopa, kwa kuwa alijiona amesikilizwa. Mori angesema kwamba hapakuwa na bonde hapo. Wahenga wangeuliza: limekujua kwa kiasi gani, na limebakisha nini?

6. Roboti za Kinshasa

Swali hili si la mbali. Mwaka 2013 katika njia panda za Kinshasa zilisimamishwa roboti za kuongoza magari, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na chama cha Women's Technology. Zilikuwa na urefu wa mita 2 na nusu hivi, zimeundwa kwa alumini, zinapata umeme wa jua, zina taa nyekundu na za kijani, mikono inayoinuka na kifua kinachozunguka. Machoni zilikuwa na kamera za kupeleka picha kwa wakuu wa usalama barabarani. Mwaka 2015 ziliongezwa nyingine, nazo zilipewa majina, miongoni mwake Tamuke na Kisanga.

Tukizipima kwa kipimo cha Mori, roboti hizi zimekaa pale alipowashauri wahandisi wakae. Zina umbo la mtu, lakini hakuna atakayezidhania kuwa watu. Ni kinyume cha kazi ya Hiroshi Ishiguro, ambaye mwaka 2006 alionyesha Japani mashine iliyofanana naye mwenyewe kwa ngozi na nywele, akikipanda kilele cha pili ambacho Mori alikionya. Kwa hiyo mtu angetegemea kwamba roboti za Kinshasa zingependwa tu, kama kitu cha kuchezea. Lakini baadhi ya madereva waliohojiwa na waandishi wa habari walisema waliziheshimu, na walizisifu kwa tabia ambayo si ya sura hata kidogo: hazimwombi dereva kitu. Tuongeze sababu nyingine, nayo ni kamera. Dereva aliyesimama mbele ya mashine ile alijua kwamba inamwona na kwamba itakumbuka. Heshima yake ilikuwa heshima apewayo ajuaye.

Angalia pia majina. Ukisema "roboti ya njia panda", kiambishi ni i-. Ukisema "Tamuke", ulimi unatafuta a- wenyewe: Tamuke ameinua mkono. Jina limefanya kazi ambayo ngozi ya bandia ingeifanya kwa gharama kubwa. Hili si baya. Mama akimpa jina jembe lake hakuna aliyedhurika. Lakini ni vema tujue ni nani aliyetoa jina na kwa kusudi gani. Mwenye kuuza mashine ambayo itazungumza na mzee aliyeachwa peke yake, au na mtoto asiye na mwenzake, anapenda sana wasemao waseme a-. Kiambishi hicho huleta imani, imani huleta maneno ya faragha, na maneno hayo huhifadhiwa mahali ambapo msemaji hapajui. Hapo ndipo zimwi linapoanza kula.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba insha ya Mori ni insha nzuri yenye mhimili mmoja uliopungua. Inapima jinsi kitu kinavyofanana nasi. Haipimi jinsi kinavyotujua, wala muda tuliokaa nacho. Hisia za watu mbele ya mashine, tangu Olimpia hadi AIBO, zimetoka katika mambo hayo mawili zaidi kuliko katika ngozi na kucha.

Kwa wanafunzi wetu wa tafsiri na wa uandishi wa kubuni tuna mapendekezo matatu. La kwanza, mfasiri aamue upatanisho wa roboti kabla ya kuanza, aufuate, na akiubadilisha aubadilishe mahali ambapo hadithi yenyewe imegeuka. La pili, mwandishi asione haya kutumia li- na ki- kwa mhusika anayesema. Ngano zimefanya hivyo kwa muda mrefu na hazikumkosea heshima msikilizaji. La tatu, mhakiki anaposoma hadithi au tangazo linaloipa mashine a-, aulize kiambishi hicho kimetoka kwa nani: kwa mtoto anayecheza, kwa mfiwa anayelia, au kwa mfanyabiashara.

Kumpa AIBO a- wakati wa kumzika si ujinga. Aliyelia alikuwa akiililia miaka yake mwenyewe, na sarufi ilimruhusu. Tunachoomba ni kwamba ruhusa hiyo ibaki mikononi mwa wasemaji, wala isiamuliwe kiwandani. Bado uko uchunguzi mkubwa wa kufanywa, hasa wa kusikiliza jinsi watu wa Kinshasa, Lubumbashi, Goma na Kisangani wanavyozitaja mashine hizi katika mazungumzo yao, kwa kiambishi gani na kwa majina gani. Kazi hiyo haihitaji vyombo vya gharama. Inahitaji daftari na masikio, na tungefurahi kuona mwanafunzi mmoja akiichukua kwa tasnifu yake.